Dawa Zetu Ndani ya Kompyuta: Ufunguo Uko kwa Nani?



Zamani safari ya mgonjwa wa hapa mjini ilikuwa inajulikana. Alinunua daftari dogo njiani, akaingia nalo kwa daktari. Daktari aliandika humo ugonjwa na dawa, naye mgonjwa akalipeleka dirishani kwa mtoa dawa. Mara nyingi mwandiko ulikuwa mgumu kusomeka, lakini daftari lilikuwa mali ya mgonjwa. Alirudi nalo nyumbani, akaliweka chini ya godoro pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Leo mambo yamebadilika. Sisi wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala tunaokwenda Mnazi Mmoja, Amana, Muhimbili au katika hospitali za binafsi tunaona jinsi kompyuta zilivyoenea. Daktari anatuuliza huku anabonyeza vitufe. Tukitoka chumbani kwake hatuna karatasi mkononi. Tunafika dirisha la dawa na kukuta dawa zimekwisha kutangulia ndani ya mashine. Tunataja jina, tunapewa bahasha, tunaondoka.

Jambo hili ni jema. Lakini kila kitu chenye thamani kinahitaji kulindwa, na dawa ni kitu chenye thamani na chenye hatari pia. Mwezi huu tujifunze pamoja: ni nani anayeweza kuiharibu au kuipotosha orodha ya dawa iliyomo ndani ya kompyuta, na sisi katika familia zetu tufanye nini ili jambo hilo lisituletee msiba.

KOMPYUTA INAFANYA KAZI GANI?

Katika vituo vingi vya umma hapa nchini unatumika mfumo wa Serikali uitwao GoTHoMIS. Hospitali nyingine zina mifumo yao. Kazi ni zile zile: kumsajili mgonjwa, kuandika maelezo ya daktari, kupokea majibu ya maabara, kuagiza dawa, kuhesabu malipo, na kupeleka madai kwenye bima.

Faida zake ni nyingi. Mtoa dawa hasumbuki tena kusoma mwandiko wa daktari. Mkuu wa kituo anaona ni vidonge vingapi vimebaki, hivyo wizi wa dawa unakuwa mgumu zaidi. Aidha, kompyuta iliyotengenezwa vizuri inaweza kumwonya daktari kwamba mgonjwa huyu hapatani na dawa fulani, au kwamba dawa mbili hizi hazifai kumezwa pamoja.

Lakini tukumbuke jambo moja. Kompyuta haitujui kwa sura. Inatujua kwa namba na kwa jina lililoandikwa. Tena haijui nani ameketi mbele yake. Inajua tu kwamba neno la siri lililoandikwa ni sahihi. Ukiidanganya kuhusu mgonjwa ni nani, au kuhusu mfanyakazi ni nani, itaendelea na kazi bila wasiwasi wowote. Hatari nyingi tutakazozieleza zinaanzia hapo.

HATARI YA KWANZA: KADI YA KUAZIMANA

Tuanze na hatari iliyo nyumbani kwetu wenyewe. Tuchukue mfano. Dada wawili wanaishi nyumba moja Mtaa wa Sikukuu. Mkubwa ameajiriwa na ana kadi ya bima. Mdogo anauza vitenge na hana bima. Siku moja mdogo anaumwa, na dada yake kwa huruma anampa kadi: "Nenda, useme wewe ndiye mimi."

Mdogo anatibiwa. Daktari anamwuliza kama dawa zenye salfa humdhuru. Anajibu kweli kwa upande wake kwamba hazimdhuru. Anapewa Septrin, anapona. Wote wawili wanamshukuru Mungu na kusahau.

Kumbe dada mkubwa ndiye asiyepatana na salfa. Miezi inapita. Anaugua ghafla, anafikishwa hospitali akiwa hajitambui. Daktari anafungua kompyuta na kusoma kwamba mgonjwa huyu alikwisha kutumia Septrin wala haikumletea shida. Yeye hawezi kusema lolote, na waliomleta ni majirani. Je, daktari akimwandikia tena dawa hiyo, kosa ni la nani?

Wapo watu ambao salfa huwadhuru vibaya: midomo na macho huvimba, ngozi hubabuka kama iliyomwagiwa maji ya moto, na wengine hufa. Vivyo hivyo mwenye kadi anaweza kuandikiwa kisukari asichokuwa nacho, au kundi la damu lisilo lake. Kadi ya bima siyo tiketi ya basi, kwamba yeyote anayeishika anaweza kupanda. Ni ufunguo wa habari za mwili wa mtu mmoja.

Tunajua maisha ni magumu, na ni vigumu kumtazama ndugu yako akiumwa wakati kadi iko kabatini. Lakini ipo njia nyingine. Katika hospitali za umma ipo ofisi ya ustawi wa jamii inayosikiliza wasio na uwezo. Taratibu za Serikali pia zinatoa msamaha kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Tuanzie hapo. Aidha, kutumia kadi ya mwingine ni kosa, nalo linaumiza mfuko ambao wenzetu wanauchangia kila mwezi.

HATARI YA PILI: NENO LA SIRI LA WATU WENGI

Kila mfanyakazi anayetumia kompyuta ya hospitali anapaswa kuwa na neno lake la siri. Kwa neno hilo kompyuta inaandika: fulani ameagiza dawa hii, saa hii. Lakini kazi zikiwa nyingi na foleni ndefu, kishawishi ni kikubwa. Mmoja anafungua asubuhi, na wote wanatumia hadi jioni. Au neno la siri linaandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ukutani.

Hakuna mwenye duka Mtaa wa Kongo anayempa kila mchukuzi ufunguo wa stoo yake. Mali ikipotea, atamwuliza nani? Ndivyo ilivyo kwa neno la siri. Dawa kali za maumivu zikitoka kwa njia isiyo halali, jina litakalosomeka ni la yule mwaminifu aliyemwachia mwenzake kiti.

Hatari ya mtu wa ndani si hadithi tu. Huko Marekani, katika jimbo la New Jersey, muuguzi Charles Cullen alikamatwa mwezi Desemba 2003. Baadaye alikiri mahakamani kwamba aliua wagonjwa 29 kwa kuwapa dawa zisizo zao. Hospitali ya mwisho aliyofanya kazi ilikuwa na kabati la dawa linalofunguliwa kwa kompyuta. Mara nyingine aliagiza dawa kwa jina la mgonjwa, kisha akaifuta oda, lakini droo ilikuwa imekwisha kufunguka. Kompyuta ilitii, kwa kuwa alikuwa na ruhusa. Hata hivyo, kumbukumbu za kompyuta hiyo hiyo ndizo zilizowasaidia wapelelezi. Funzo tunalolipata ni kwamba kumbukumbu zina faida pale tu anapokuwepo mtu wa kuzikagua mapema.

Mtu wa ndani anaweza pia kuiba siri bila kugusa dawa. Mwezi Januari 2019 Serikali ya Singapore ilitangaza kwamba majina ya watu 14,200 wenye virusi vya UKIMWI yamevujishwa kwenye mtandao. Aliyeyavujisha aliyapata kupitia daktari aliyekuwa na ruhusa ya kuyaona. Tukumbuke kwamba orodha ya dawa hutaja ugonjwa. Anayejua unameza nini anajua unaumwa nini. Katika nyumba zetu za kupanga, ambamo familia nyingi zinatumia ua mmoja, siri ya namna hiyo ikitoka inaweza kuvunja ndoa au kumfukuzisha mtu kazi.

HATARI YA TATU: WATEKAJI WA MBALI

Siku hizi wapo wahalifu waitwao wadukuzi. Wanaingia katika kompyuta za watu kupitia mtandao, wanafunga habari zote kwa kufuli lisiloonekana, kisha wanadai fedha ili wafungue. Ni utekaji nyara, ila kinachotekwa ni habari. Hospitali huwavutia kwa sababu wanajua mgonjwa hawezi kusubiri.

Tutoe mifano ya kweli.

Nchini Ireland, tarehe 14 Mei 2021, mfumo wa afya wa taifa zima ulisimama. Uchunguzi ulionyesha kwamba mlango ulifunguliwa tarehe 18 Machi, pale mfanyakazi mmoja alipofungua faili lililoambatana na barua pepe ya udanganyifu. Kwa muda wa wiki nane wahalifu walikuwa wamo ndani bila kuondolewa. Waganga walirudi kwenye kalamu na karatasi, na kurudisha mashine zote kulichukua zaidi ya miezi minne.

Nchini Marekani, mwezi Februari 2024, kampuni ya Change Healthcare ilishambuliwa. Kazi yake ni kuunganisha maduka ya dawa na hospitali na mashirika ya bima. Maduka mengi ya dawa yalishindwa kuhakiki bima, na wapo wagonjwa waliolazimika kulipa fedha taslimu au kukosa dawa. Wahalifu waliingia kwa neno la siri la wizi katika mlango usiokuwa na uhakiki wa pili. Dola milioni 22 zililipwa, na bado habari za watu wengi zilikuwa zimekwisha kuibwa.

Mwezi Juni mwaka huo huo, Afrika Kusini ilipatwa. Maabara ya Taifa, inayowahudumia takribani asilimia 80 ya wananchi, ilishambuliwa tarehe 22. Wahalifu walifuta sehemu za mfumo pamoja na nakala za akiba. Majibu ya haraka ikabidi yatolewe kwa simu. Daktari asiye na majibu ya damu atajuaje kiasi cha dawa cha kutoa?

Mwezi huo huo wa Juni 2024, kampuni ya Synnovis inayopima damu kwa hospitali kubwa za London nayo ilitekwa. Mwaka 2025 hospitali moja ya huko ilithibitisha kwamba kuchelewa kwa majibu ya damu kulichangia kifo cha mgonjwa.

Mtu atauliza: hata mashine yenyewe ya dawa inaweza kuingiliwa? Ndiyo. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizishauri hospitali ziache kutumia pampu ya dripu iitwayo Symbiq. Ilibainika kwamba mtu angeweza kuifikia kupitia mtandao wa hospitali na kubadili kiasi cha dawa kinachoingia mwilini. Hakuna mgonjwa aliyejulikana kudhurika, maana kasoro iligunduliwa mapema na wataalamu waliokuwa wakiitafuta. Kutafuta kasoro kabla mwizi hajaiona ndiyo kinga yenyewe.

HATARI YA NNE: "MTANDAO HAKUNA"

Maneno haya tumeyasikia mara nyingi dirishani: "Subirini, mtandao hakuna." Si lazima awepo mhalifu ndipo kompyuta isimame. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Hali kadhalika umeme ukikatika na jenereta halina mafuta, kioo cha kompyuta kinakuwa cheusi na dawa za mgonjwa zinabaki ndani yake.

Wengine watasema: basi turudi kwenye mafaili ya karatasi. Hapana. Karatasi nayo huungua. Sisi wa hapa hatujasahau usiku wa tarehe 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo lilipoteketea. Aliyekuwa na kumbukumbu zake zote ndani ya soko alizikosa pamoja na mali. Aliyekuwa na daftari jingine nyumbani alijua nani anamdai na nani anadaiwa.

Ndiyo sababu wataalamu wanasisitiza nakala ya akiba, tena ikae mahali pengine, isiyofikiwa kwa mlango ule ule. Wenzetu wa Afrika Kusini walikuwa na nakala, lakini mwizi aliyeingia sebuleni alizikuta nazo chumbani. Kila hospitali inapaswa pia kuwa na fomu za karatasi zilizo tayari, na wafanyakazi waliozoezwa kuzitumia siku mashine inapolala.

HATARI YA TANO: KUIAMINI MASHINE KULIKO MACHO

Mwezi Julai 2013, katika hospitali kubwa ya Chuo Kikuu huko San Francisco, Marekani, alilazwa kijana wa miaka 16. Alitakiwa kumeza kidonge kimoja cha dawa ile ile tunayoiita hapa Septrin. Daktari aliandika 160, akikusudia miligramu 160. Lakini kompyuta ilikuwa imepangwa kuhesabu miligramu kwa kila kilo ya mwili. Ikazidisha kwa uzito wa kijana, kilo 38 na ushei. Jibu likawa vidonge 38 na nusu.

Kompyuta ilitoa onyo. Lakini ilikuwa imezoea kutoa maonyo mengi kila siku, hata kwa mambo madogo, na onyo hilo likapitwa kama mengine. Mashine ya stoo ikafungasha vidonge vyote. Muuguzi alishangaa wingi ule. Akapitisha dawa kwenye kifaa kinachosoma alama, nacho kikaonyesha kwamba ndivyo ilivyoagizwa. Akampa mgonjwa, naye akavimeza vyote. Kijana alipatwa na degedege kali, akanusurika kufa.

Hapakuwa na mdukuzi. Palikuwa na watu wema, kila mmoja akidhani mwenzake au mashine imekwisha kuhakiki. Tumeweka mfano huu hapa kwa sababu unaonyesha vilevile mhalifu angeweza kufanya nini: kubadili tarakimu moja tu, na wote wangetii. Yule muuguzi aliposhangaa, moyo wake ulimwambia kweli. Laiti angepiga simu kuuliza! Mshangao wa mtu ni kinga ambayo kompyuta haina.

SISI TUFANYE NINI?

Hatuwezi kwenda kukagua mitambo ya hospitali. Lakini yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu.

1. Turudishe daftari. Kila mtu katika familia, hasa mwenye presha, kisukari, pumu, selimundu au anayetumia dawa za kudumu, awe na daftari lake. Liandikwe jina, mwaka wa kuzaliwa, dawa zisizompata, na kila dawa anayotumia pamoja na nguvu yake na jinsi ya kuimeza. Bahasha ikiandikwa 1 x 3, andika 1 x 3. Kompyuta ikilala, daftari hilo ndilo litakalomwongoza daktari. Ndugu mmoja nyumbani ajue linapokaa.

2. Tuulize dirishani. Tusione haya kwa sababu foleni ni ndefu. Maswali ni machache: Dawa hii inaitwaje? Ni ya ugonjwa gani? Nimeze ngapi, mara ngapi, kwa siku ngapi? Mbona rangi au idadi si kama ya mwezi uliopita? Mtoa dawa mwema hatakasirika. Ukiona vidonge vingi kupita kawaida, usimeze kwanza, rudi ukaulize.

3. Tuhakikishe jina. Akina Juma na akina Maria ni wengi. Ukiitwa, taja jina lako lote na mwaka wa kuzaliwa, kisha soma bahasha kabla ya kuondoka. Bibi au babu asiyesoma asindikizwe na mjukuu anayesoma.

4. Tusiazime kadi wala tusiiazimishe. Sababu tumekwisha kuzieleza.

5. Tusitangaze habari za dawa. Picha ya kadi ya bima, ya cheti au ya bahasha ya dawa isipelekwe kwenye makundi ya simu, hata kwa kuomba maombi. Mwombee mgonjwa kwa jina. Mungu hahitaji namba ya kadi yake.

6. Tujihadhari na matapeli wa simu. Wote tunaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Anayejua kwamba ndugu yako amelazwa na anatumia dawa fulani anaweza kukupigia akijiita daktari na kudai fedha za dawa "mara moja, hali ni mbaya." Kata simu. Mpigie aliyeko wodini, au nenda mwenyewe. Malipo ya hospitali yafanyike kwa utaratibu wa hospitali na kwa kupewa stakabadhi, si kwa namba ya mtu binafsi. Ujumbe wa kitapeli unaweza kuripotiwa kwa kuutuma namba 15040.

7. Tujue haki zetu. Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti. Una haki ya kujua ni nini kimeandikwa juu yako, na kuomba kisahihishwe kikiwa si kweli. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa tarehe 3 Aprili 2024, inayopokea malalamiko. Kabla yake, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikwisha kufanya kuingia katika kompyuta ya mtu bila ruhusa kuwa kosa la jinai.

NENO KWA WANAOFANYA KAZI HOSPITALI

Wapo miongoni mwetu waganga, wauguzi, watoa dawa na makarani. Tunawaomba mambo manne. Neno lako la siri lisijulikane na mwingine, hata rafiki. Ukiinuka kitini, funga kompyuta. Usichomeke flashi ya nyumbani wala usifungue barua usiyoijua katika mashine ya kazini. Na mgonjwa akikuuliza swali, usimwambie "kompyuta ndivyo ilivyosema." Tazama tena. Huenda amekuokoa wewe pamoja na nafsi yake.

Kwa viongozi wa hospitali tunasema: fedha za kulinda kompyuta, kuhuisha programu zake na kutunza nakala za akiba zisiachwe za mwisho katika bajeti. Hakuna anayejenga stoo ya dawa bila mlango. Stoo ya sasa ina milango miwili, wa chuma na wa kompyuta, nao huo wa pili unahitaji kufuli.

Turudi kwa wale dada wawili wa Mtaa wa Sikukuu. Wangeweza kukwepa hatari yote kwa mambo mawili madogo: kadi kubaki kwa mwenyewe, na daftari kabatini lenye maneno matatu, "Salfa hunidhuru sana." Jirani angelichukua, daktari angelisoma. Je, katika nyumba yako daftari hilo lipo?

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI NA KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani katika familia yetu anatumia dawa za kudumu? Je, mtu mwingine nyumbani anaweza kuzitaja zote?

2. Ndugu asiye na bima akiugua leo, tutamsaidiaje bila kumwazima kadi?

3. Tumewahi kupokea simu au ujumbe wa kudai fedha za matibabu? Tulihakikishaje kama ni kweli?

4. Ni jambo gani moja tutakalouliza dirishani mara ijayo ambalo hatujawahi kuuliza?